Kioo Kilichopimwa kama Dhahabu

Niliondoka Nyahanga, hapa Kahama, kwa sababu ya Mama Shija, mnunuzi wa dhahabu kule Katoro. Alikuwa anamalizia ofisi ya kisasa: umeme wa jua, madirisha mapana ya kupitisha upepo, na mwanga wa mchana hadi kwenye ngazi. Shida ni kwamba ngazi zimepakana na chumba cha kuchomea dhahabu. Nikamshauri aweke kioo kinachozuia moto, mwanga upite, moto ubaki huko huko. Nimefunga vioo vya maduka miaka mingi, lakini kazi ya namna hii ilikuwa ya kwanza. Akikikataa, sina pa kukipeleka, maana kikishatoka kiwandani hakikatwi tena.

Saa kumi na mbili asubuhi tulipakia vioo viwili kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, nimevikinga kwa godoro la kitandani kwetu. Mke wangu, Mama Kulwa, alitazama godoro likiondoka, akarudi jikoni.

Kuelekea Ushirombo, kila tuta nilisema "pole" kwa sauti. Dereva akaniuliza kama nyuma kuna mgonjwa.

Runzewe tulisimama kunywa chai, ndipo nikakumbuka kipande cha sampuli ya kioo nilichokusudia kumwonyesha Mama Shija. Nikapiga simu nyumbani.

"Nimefunikia maharage," akasema Mama Kulwa. "Wewe si umechukua godoro?"

Katoro tulifika saa sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndicho chenyewe hicho?"

Nikaeleza sifa zake zote. Alisikiliza kwa adabu, kisha akanyanyua mtungi wa gesi anaochomea dhahabu.

"Hapa Katoro kila mtu ana maneno matamu. Mimi huwa nachoma kwanza."

"Mama, sampuli imebaki nyumbani!"

"Si umeleta viwili?"

Akakiegemeza kimoja ukutani, akawasha. Baada ya muda tabaka la mbele likapasuka, paa! La ndani likavimba, kioo kizima kikawa cheupe kama uji. Mama Shija akazima moto, akanitazama kwa huruma.

"Kimebadilika rangi. Baba Kulwa, wamekuuzia feki."

Katika biashara yake, kinachobadilika rangi motoni si dhahabu, na mjadala umefungwa.

"Mama, kuvimba ndiyo kazi yake! Hebu shika upande wa nyuma."

Akagusa kwa kidole, akakitoa haraka. Akarudisha kiganja kizima, akakiacha hapo. Kisha akawaita wafanyakazi wote waje kushika.

"Wabeja, asante sana mwanangu! Kumbe kinaungua chenyewe ili sisi tupite."

Tukakubaliana nilete kingine badala ya kile. Nilikuwa naanza kupumua nilipomwona amegeukia cha pili, mtungi mkononi.

"Na hiki?"

"Mama, vyote ni vya aina moja!"

"Sijawahi kuchoma punje moja nikanunua mfuko mzima."

Sikufikiri. Nikasimama mbele ya kioo, mikono nimeitanua. Akaweka mtungi chini.

"Kama uko tayari kuungua badala yake, basi ni halisi. Kifunge."

Nilirudi Nyahanga jioni ya kesho yake. Kabla sijavua viatu, nilitoa sampuli juu ya sufuria, nikaifuta, nikaitia kwenye begi la kazi. Tangu siku hiyo haijawahi kutoka humo. Mama Kulwa alinipa mkono wa pongezi, kisha akauliza godoro liko wapi.

Lilikuwa Katoro.