Mdundiko Uliomchukua Mama

Mama yangu alipatwa na kiharusi mwanzoni mwa kiangazi, na tangu hapo akawa hasemi. Mguu wa kulia ulianza kurudi, mkono ukaanza kushika kikombe, lakini maneno yaligoma. Ukimuuliza kitu anafungua mdomo, inatoka "eee" tu, kisha anakasirika na kugeukia ukutani. Na huyu ni mwanamke aliyefundisha shule ya msingi ujana wake wote, akaongoza kwaya ya kanisa letu hapa Vigwaza kwa ukali ambao masoprano wanausimulia mpaka leo. Kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi uani kwetu. Alipougua, wanakwaya wakahamia kanisani kwa kumstahi mgonjwa, na sisi nyumbani tukazima hata redio. Tulinyata kama wezi ndani ya nyumba yetu wenyewe. Haja yangu duniani ilikuwa moja tu: nimsikie mama akitamka neno.

Ndipo akapiga simu Bi Mwanahawa wa Bagamoyo, shoga yake waliyefundisha naye shule moja.

"Kabula mwanangu, Jumamosi mjukuu wangu anatoka mwali. Niletee mama yako."

"Shikamoo Bi Mwanahawa. Mama hasemi."

"Marahaba. Nimemwita aje kwenye ngoma, sikumwita aje kuhutubia."

Mtu wa namna hiyo humbishii. Nikamwambia kaka yangu Maganga atie mafuta kwenye kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo anachobebea matofali.

Ijumaa asubuhi tuliondoka Vigwaza. Mama alikaa mbele na mto mgongoni, mimi nyuma juu ya godoro pamoja na mchele wa zawadi na kuku wawili walionichukia tangu tulipoanza safari. Maganga akawasha redio. Nikagonga kioo kwa ngumi, akazima.

Chalinze tulisimama kunywa chai. Malori yalikuwa yamejipanga, makondakta wa mabasi ya Tanga na ya Morogoro wanaitana, wachuuzi wanakimbiza madirisha na korosho mikononi. Mama alitazama ile fujo kwa uso uliochangamka kidogo, nami nikaliona hilo na kulihesabu kuwa ni faida ya safari. Sikuwa na matumaini makubwa, sitaki kuwadanganya.

Baada ya Msata tulikata kulia kuelekea baharini. Kiwangwa palinukia mananasi kiasi kwamba hata kuku walinyamaza. Mwuzaji mmoja mcheshi akamsogelea mama dirishani. "Bibi, nikupe kubwa au la wastani?" Mama akafungua mdomo. Ikatoka "eee." Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama, "eee." Yule mwuzaji akaacha kutabasamu. Nikajibu mimi kutoka nyuma, na mama hakuligusa lile nanasi mpaka tunafika.

Adhuhuri tulikuwa kwa Bi Mwanahawa, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, njia ya kwenda Kaole. Ni Mzaramo mnene, mwenye kicheko kinachoanza kabla hajaonekana. Tulipiga hodi, akatoka, akamtazama mama kuanzia kichwani hadi kwenye fimbo. Nilidhani atalia.

"Mnyamwezi kafika," akasema. "Na mzigo wako umeutua wapi, au umekimbia na mali ya watu?"

Sisi kwetu ni Tabora, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba mizigo ya watu hadi Pwani. Mtani anaweza kukutukana msibani na kukunyang'anya kofia harusini, nawe huna pa kushtaki. Lakini kumtania mgonjwa wa kiharusi? Niliweka kuku chini ili nimjibu. Mama akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri nyumba ilijaa. Mama tulimweka barazani kwenye kiti cha plastiki, mimi nikaingia uani kukuna nazi. Kwa mbali ngoma zikaanza kusikika. Mdundiko, ngoma ya kumtoa mwali ndani, hauchezewi mahali pamoja. Hutembea barabarani, na anayeusikia huufuata, akifika utakakofika. Watoto wa huku wamepotea sana kwa sababu yake, na watu wazima pia, ila wao hawasemi. Ngoma zikakaribia, zikapita mbele ya nyumba kwa kishindo, zikaenda zake. Nikatoka kumtazama mama.

Mama hayupo. Kiti hakipo. Wageni hawapo. Mpishi wa pilau ameacha mwiko juu ya mfuniko na kutoweka, na kaka yangu Maganga, mtu mzima mwenye ndevu, hayupo. Bi Mwanahawa alikuwa amesimama peke yake ngazini, mikono kiunoni.

"Sasa hawa wamekwenda wapi?" akauliza. "Ule si mdundiko wangu. Wangu haujafika. Ule ni wa mwali mwingine wa Kaole."

Wageni wake wote walikuwa wamefuata ngoma ya watu wengine. Nikavua kandambili na kukimbia. Dukani nikamwuliza mwenye duka kama amemwona mama mmoja mgonjwa, mwenye fimbo.

"Yule aliyepanda mkokoteni? Kapita sasa hivi, anapunga mkono kama waziri."

Niliwapata karibu na Kaole. Vumbi limepanda, vigelegele, wanawake wamejifunga kanga viunoni, na katikati yao mkokoteni wa muuza maji. Madumu yameshushwa, kiti cha plastiki kimefungwa juu yake kwa kanga mbili, na juu ya kiti kakaa mama yangu. Anayesukuma ni Maganga.

Nilifoka. "Nani amewaruhusu kumbeba? Huyu ni mgonjwa!"

Mwanamke mmoja, jasho linamtiririka, akanijibu bila kuacha kucheza. "Mtani haombi ruhusa. Mzigo wa Mnyamwezi ukifika Pwani ni wetu."

Wakacheka wote. Nilikuwa natafuta jibu la kumkomesha, na ninayo majibu mengi, ndipo mwimbishaji akaita: "Ametoka, ametoka, mwali ametoka nje!" Wanawake wakaitikia: "Tumuone!" Na ndani ya ule mwitikio nikasikia sauti ya chini, nzito, ninayoijua tangu nikiwa mgongoni.

"Tumuone," aliimba mama.

Wimbo ukarudi, naye akarudia, silabi zote zimetimia, safi. Nikamshika goti. "Mama, umesema! Twende nyumbani, twende upumzike, twende—"

Mama akanitazama, akasubiri ngoma ifike mahali pake, akaimba kwa sauti ileile ya mdundiko:

"Siendi, siendi!"

Wanawake wakadaka hapohapo. "Siendi, siendi!" Barabara nzima ikaimba siendi. Maganga alikuwa analia ndani ya kanga ya mtu asiyemjua. Mimi nilikaa chini vumbini, nikacheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikalia, kisha yule mtani wangu mwenye jasho akaniinua na kunifunga kanga kiunoni. Nikacheza. Ninacheza vibaya sana, na hakuna aliyejali.

Alasiri mdundiko wa Bi Mwanahawa ulifika kwake, ukakuta nyumba tupu, basi nao ukafuata. Ngoma mbili zikakutana njiani, mwali wetu na yule wa Kaole wakachezwa pamoja, na pilau ikaletwa Kaole ndani ya kirikuu chetu. Nusu ya walaji hawakujua wamealikwa na nani.

Jumapili asubuhi jikoni, Bi Mwanahawa alikuwa anapepeta mchele huku anaimba kasida. Mama, pembeni, akamtilia sauti ya pili. Kasida ilipokwisha mama akaanza wimbo wa kanisani, ubeti mzima, na Bi Mwanahawa akamfuata kwa kuguna kwa sababu aliusikia miaka mingi ofisini kwa walimu. Mkwe wa Bi Mwanahawa, ambaye ni muuguzi, alinieleza kwamba wapo wagonjwa wa kiharusi ambao maneno huwakwama wakisema, lakini wakiimba hupita. Nilimwuliza Bi Mwanahawa, kwa uchokozi, Mungu anazisikiaje hizo nyimbo mbili zikichanganywa jikoni.

"Anamsikia mama yako anaimba," akasema. "Unataka asikie nini zaidi?"

Jumatatu tulirudi. Bi Mwanahawa alitusindikiza hadi garini, akamwambia mama sasa arudishe mali za watu, na wote wawili wakalia kidogo. Mama hakuwa amepona. Akitaka kusema kawaida, ilikuwa "eee" ileile. Lakini tulipofika daraja la Ruvu akaimba "polepole, polepole", na Maganga akapunguza mwendo huku akipiga mlango wa gari kwa kiganja kumpigia ngoma. Mimi nyuma niliitikia. Mwendesha pikipiki mmoja alitufuata mwendo mrefu, nadhani alipitiliza kwao.

Jioni tulifika Vigwaza, tukakuta kwaya nzima uani. Walikuwa wamekuja kumpa mgonjwa pole ya safari, na walikaa kama watu wanaokaa na mgonjwa: kwenye mikeka, mikono mapajani, wananong'ona. Tulipomteremsha mama, hata minong'ono ikaisha. Nilitaka niwaeleze mambo yote kwa mara moja, yale niliyojifunza, kwamba ile heshima yetu ndiyo ilikuwa imemfungia mlango. Sikuwahi kuanza. Mama aliegemea fimbo yake, akawatazama mmoja mmoja, masoprano, maalto, mabesi, akavuta pumzi na kuimba:

"Mbona kimya? Mbona kimya?"