Mabawa ya Kibuyu

Fundi viatu hapa Same akifungua gundi, harufu yake hunirudisha kwa Bibi, kule Mhezi.

Mjomba aliniletea ndege ya plastiki ya kuunganisha, ya mnadani, mabawa yamepinda kama maganda ya ndizi. Nikaona nitengeneze mapya. Nikapasua kata ya Bibi ya kuchotea maji, kibuyu chepesi alichoachiwa na mama yake, nikachonga, nikabandika.

Bibi aliitafuta kata mchana kutwa. "Jamani, au mbuzi siku hizi wanajichotea wenyewe?"

Nikacheka naye, vidole vya gundi nimevificha mgongoni.

Jioni akaishika ndege yangu, akapapasa mabawa taratibu kwa kidole gumba.

"Haya irushe, mjukuu wangu, tuone."

Ikaanguka miguuni pake. Akaiokota, akaifuta vumbi kwa kanga, akanirudishia.

Kata hakuiulizia tena.