Msiba wa Kuigiza wa Asmahani

Wanawake wa barabara ya nane, Ngamiani, walikubali kila kitu mpaka walipoambiwa walie. Walikubali kukaa uani kwa Sabra wakimenya vitunguu mbele ya kamera. Walikubali kugombana, na hapo ndipo walipojituma kuliko walivyoombwa. Lakini Asmahani, binti wa Sabra, aliposema kwamba sasa inafuata sehemu ya maiti na kilio, visu viliwekwa chini. Jirani yao Khadija akajifunga ushungi vizuri na kusimama.

"Mwanangu, mimi nimlilie mtu mzima, anapumua? Huko ni kujichuria, kujiitia kifo. Nikimaliza machozi hapa, siku yenyewe nitalia nini?"

Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Yule mama aliyekubali kulala kitandani awe ndiye marehemu akakumbuka kuwa ameacha maharage jikoni. Asmahani akawasindikiza mpaka mlangoni bila neno la kuudhi, akawaambia ahsanteni. Kisha akarudi, akamwambia mama yake kwamba basi atalala yeye mwenyewe.

Sabra alikwisha kuzika watoto wawili wachanga kabla ya kumpata huyu. Tangu hapo, mtoto akikohoa mara mbili, yeye yuko macho. Leo anaambiwa amtandike bintiye kitandani, amfunike, na watu wamlilie. Akasema haiwezekani, na asilisikie tena jambo hilo nyumbani kwake.

Asmahani hakubisha. Alisema tu, "Mama, hii ni filamu ya msiba. Bila msiba sina filamu." Akaingia ndani.

Na kweli ilikuwa hivyo. Mpiga picha wao, Edgar, ni kijana wa Muheza anayepiga picha za harusi, na alikuwa amebakiwa na Jumamosi moja tu kabla ya harusi kuanza kufuatana. Jumamosi hiyo ikipita, kazi yote ya miezi ingekuwa vipande visivyo na kichwa.

Sabra alikuwa anajua binti yake alivyofika hapo, maana alimchunga hatua kwa hatua. Asmahani alipomaliza kidato cha nne alipata kazi dukani kwa Idarusi, wanakojaza filamu. Watu huja na flashi zao, wanasema nijazie tamthilia, wanaondoka. Wafanyakazi wenzake walijaza wakiwa wanachati na simu zao. Yeye aliangalia. Alianza na tamthilia za Kikorea kama wasichana wote wa mjini, akina dada wanaolilia wapenzi matajiri. Baadaye akaziacha, akahamia kwenye filamu zenyewe za sinema, zile ambazo wateja walikuwa wanazikataa kwa kuwa hazijulikani ni za kuchekesha au za kuhuzunisha.

Mwanzoni mama mtu alizitazama kwa jicho la upande, ahakikishe tu kwamba hazina uchafu. Yeye aliishia darasa la saba, na maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha hayakuwahi kumsubiri. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana Asmahani alimsomea kwa Kiswahili, sauti ya bibi akiifanya ya bibi na ya jambazi akiifanya ya jambazi. Sabra akaanza kuwaona watu wale. Wanavua viatu mlangoni. Mkubwa ndiye anayeanza kula. Mdogo akimpa mkubwa kitu, anampa kwa mikono miwili. "Hawa wamelelewa," alisema siku moja, na tangu hapo akawa anauliza mwenyewe kama leo kuna Wakorea.

Asmahani akamhadithia na mambo yaliyo nyuma ya filamu hizo. Alisema zamani nchi ile ilitawaliwa na wanajeshi, na filamu zilikuwa zinakatwa hapa na pale mpaka zinabaki mifupa. Wanajeshi walipoondoka, filamu za Kimarekani zilijaa, watu wakazipenda hizo, za kwao wakaziona ushamba. Kukawa na sheria ya kuyalazimisha majumba ya sinema yaonyeshe filamu za nyumbani kwa siku kadhaa kila mwaka, na ilipotaka kupunguzwa, waongozaji wa filamu walitoka barabarani wakanyoa vichwa vyao hadharani. Sabra alimwuliza kama na wanawake walinyoa. Asmahani akacheka, akasema hilo hana hakika nalo.

"Halafu wakaja vijana," alisema. "Walikuwa wameshaangalia filamu za dunia nzima, wakasema sasa tupige za kwetu. Nyumba zetu, chakula chetu, mabosi wetu, shida zetu. Katika filamu moja utacheka, utaogopa, utalia, na hujui walikugeuza saa ngapi. Mpaka Wamarekani wenyewe wakawapa ile tuzo yao kubwa, na filamu yenyewe ni ya Kikorea mwanzo mwisho. Mama, wale walikuwa wanadharauliwa kama sisi."

Neno hilo la mwisho halikumtoka Sabra. Alimwona mtoto wake akirudi kazini kachoka, akila, kisha akianza kuangalia upya filamu aliyoimaliza jana. Mara hii anaangalia tu watu wanakaa wapi na mwanga unatoka upande gani. Hakuna mwalimu aliyemwambia afanye hivyo. Sabra hakumsifu usoni, aliogopa asije akapatwa na jicho la husuda. Alimwongezea mchuzi.

Filamu aliyoitunga Asmahani ilikuwa ya fundi cherehani wa kike wa mtaani anayekufa ghafla wakati wa harusi nyingi. Watu wanakuja kuzika, na kila mmoja ana kitambaa chake ndani ya nyumba hakijashonwa. Wanatoa pole huku macho yanatafuta kwenye rafu. Sabra aliposomewa mara ya kwanza alicheka mpaka akashika ubavu, kwa sababu hakuna aliyekaa Ngamiani asiyemjua fundi wa namna hiyo.

Sasa yote hayo yalikuwa yamekwama kwenye kitanda kitupu.

Alhamisi asubuhi Sabra alikwenda sokoni kichwa kimemjaa. Alikuwa anachagua nyanya alipokumbuka msiba wa baba yake kule Mkwaja. Wao ni Wazigua, na watani wao Wanyamwezi walikuja kwa wingi siku ile. Mmoja alivaa kofia ya marehemu, akachukua bakora yake, akatembea kwa kuchechemea kama yeye, akiwagombeza wajukuu kwa sauti ileile. Mwingine akalala njiani mbele ya jeneza, akasema haondoki mpaka mzee amrudishie jembe lake. Sabra alicheka siku ile, tena sana, na katikati ya kicheko ndipo kilio kilipompanda kikweli. Hakuna aliyesema watani wamechuria. Mtani ana ruhusa. Akimwigiza maiti, akimtukana, hayo ni mambo yake, na watu humshukuru.

Akaacha nyanya kwenye fungu. Akaenda moja kwa moja upande wa machungwa, kwa Beatrisi, ambaye soko zima linamwita Mama Noa. Babu yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, wakabaki hapahapa, wakazeeka kwa kuwatania Wazigua.

Sabra alimweleza yote. Mama Noa akamsikiliza huku anapanga machungwa.

"Kwa hiyo mtani wangu umefunga safari uje kuniomba nikamtukane mwanao."

"Njoo umtukane."

"Na pilau ipo?"

"Ipo."

"Yenye nyama, au ile yenu Wazigua yenye maneno mengi?"

"Mnyamwezi wewe, utaijulia wapi pilau? Njoo Jumamosi."

Kisha akarudi nyumbani akamwambia Asmahani masharti yake. Sanda hapana. Uso hapana, wasiuonyeshe wala wasiufunike. Na mtani aanze kabla mtu yeyote hajatoa chozi. Asmahani akafikiri kidogo, akasema vizuri, kamera itaona miguu tu. Ile habari ya mtani ilipomwingia, akamshika mama yake mikono yote miwili.

Jumamosi wanawake walirudi waliposikia Mama Noa yupo. Khadija alisema amekuja kuangalia tu. Asmahani akalala kitandani, miguu wazi. Sabra akasimama karibu na mlango, akisoma dua kimoyomoyo, tayari kusimamisha kila kitu.

Mama Noa akaingia na futi ya fundi shingoni, miwani imening'inia puani, pini zimebanwa mdomoni. Akamzunguka marehemu. Akanyoosha futi kutoka unyayoni mpaka gotini.

"Urefu ni uleule," akasema. "Uongo ndio umeongezeka."

Mtu akacheka nyuma. Mama Noa akaendelea kwamba suruali ya bwana harusi ina mguu mmoja, sasa bwana harusi aolewe yeye. Khadija akajiziba mdomo kwa ushungi, mabega yakimtikisika. Kisha Mama Noa akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika ule mguu, na sauti yake ikashuka.

"Kila nikija unaniambia njoo kesho. Njoo kesho, njoo kesho. Haya, nimekuja. Leo waniambia kesho ipi?"

Khadija ndiye aliyeanza. Hakulia kwa kuigiza, wala waliomfuata. Kila mmoja alikuwa na wake wa kumlilia, na Sabra akawalilia wale wachanga wawili ambao hakuwahi kuwalilia kwa sauti, macho yake yakiwa kwenye miguu ya yule aliyebaki.

Edgar alishusha kamera taratibu. Asmahani, macho bado ameyafumba, akauliza kutoka kitandani kama warudie.

Edgar akasema hakuna haja, yote imeingia. Sabra alikuwa ameshafika kitandani, anamvuta mkono.

"Hakuna kurudia," akasema. "Amka ukaoge, uje ule."