Kiatu cha Shemeji Shushan

"Kamuna, hivi wewe ni mke wa nani?"

Jirani yangu Zeiza aliniuliza hivyo asubuhi moja, tumesimama foleni ya tanuri, kila mtu na ubao wake wa mikate.

"Mke wa marehemu Rebi Khamus," nikamjibu. "Umeamkia upande gani leo?"

"Marehemu hana mke, dada. Mtaani wanasema wewe ni wa shemeji yako Shushan."

Alikuwa anasema kweli.

Nimekuwa mjane mara mbili, na haya ni ya ujane wa kwanza. Shule yangu ni ya msingi tu, mnivumilie.

Mume wangu Khamus alikuwa mwalimu katika mtaa wetu wa Wayahudi, hapa kisiwani Jerba. Asubuhi alifundisha wavulana sinagogini kama walimu wengine. Mchana, watu wakijilaza, alifundisha wasichana kusoma, chumba chetu cha mbele.

Hilo hakuna mwingine aliyelifanya. Wanaume walimtania. "Rebi, utawafundisha na kuku?"

"Kuku wakija na madaftari, karibu," anawajibu, huyo anapita.

Mungu hakutujalia mtoto. Na hapo ndipo kwenye kitanzi.

Kwa sheria yetu, mume akifa bila mtoto, mjane amefungwa kwa ndugu wa mume. Haolewi popote mpaka shemeji akubali kumwachia mbele ya marebi, wakuu wetu wa dini, kwa mjane kumvua kiatu. Shemeji akigoma, unakaa. Unazeeka umekaa.

Na kosa lilikuwa langu.

Khamus alipozidiwa, aliita mwandishi na mashahidi wawili, akaniandikia talaka. Mke aliyeachwa hafungwi na shemeji. Alitaka kunifungua kabla hajaondoka.

Mimi sikuelewa hivyo. Miaka ishirini na tatu namfulia na kumpikia, leo ananiacha mbele za watu? Nikaficha mikono mgongoni. Na talaka isipofika mkononi mwa mke, ni karatasi tu.

"Pokea, Kamuna."

"Kwa lipi nililokukosea?"

Akageuzia uso ukutani. Mtu aliyewaelewesha wanafunzi wazito wote wa mtaa huu, mimi alishindwa kuniambia neno moja: nakufa. Kesho yake alikata roho.

Nikaendesha darasa la wasichana mwenyewe, miaka mitano. Walikuwa kumi na wanne.

Mwaka wa tano wenyewe, Huita, mfumaji aliyefiwa na mkewe, akaniposa kwa heshima. Nami nilimtaka, sioni haya kusema. Nikamfuata shemeji Shushan kwenye duka lake la usonara.

"Shemeji, niachie."

"Nani kakushika?"

"Unajua."

Akacheka, macho kwenye pete anayoing'arisha. "Funga lile darasa, Bi Mwalimu. Mabinti wakijua kusoma wanajibishana na waume. Siku ule mlango ukipigwa kufuli, mguu wangu huu hapa."

"Ile ni kazi ya ndugu yako."

"Ndugu yangu yuko kaburini. Chagua."

Miezi saba nilichagua, nikafuta, nikachagua tena. Nikifunga darasa, namzika Khamus mara ya pili. Nisipofunga, najizika mimi. Nilisali mpaka maneno yakaniishia.

Kisha Huita akaja, kofia mkononi. "Kamuna, sikusukumi. Ila mama amenitafutia mtu. Sikukuu ya Vibanda ikipita, lazima nimjibu."

Kabla ya sikukuu nilifunga darasa. Wasichana walikunja mikeka yao, hakuna aliyeniangalia usoni. Nikapiga kufuli, nikaenda makaburini kumwomba Khamus msamaha.

Siku tatu baadaye tuko barazani, marebi watano mbele yetu. Nilikuwa nimefunga kula, kama desturi. Shushan amevaa kile kiatu cha baraza, ngozi tupu, kamba zimezungushwa mpaka kwenye shavu la mguu. Mkewe Rahmuna na binti yao Ghzala, wa miaka sita, wamesimama na wanawake kando.

Nikafungua kamba kwa mkono wa kulia. Nikamvua, nikakitupa chini. Nikatema mate sakafuni mbele yake, kama ilivyoandikwa. Marebi wakatamka kwamba amevuliwa kiatu.

Nikawa huru. Lakini moyo ulikuwa kama wa mtu aliyeuza mwana.

Mwandishi akaacha hati mezani wino ukauke. Ghzala akasogea. Akaweka kidole hewani juu ya maandishi, akaanza kusoma. Jina la baba yake. Jina la Khamus. Jina langu. Polepole, bila kuteleza.

"Nani kakufundisha?" Shushan akauliza.

"Mama."

Rahmuna, ambaye miaka yote sikuwahi kumsikia akisema mbele ya wanaume, akasogea hatua moja.

"Nyumbani kwako, baba Ghzala. Ukishakwenda dukani. Mwaka wa pili sasa."

"Wewe unajua kusoma?"

"Shemeji Khamus alinifundisha kabla hujanioa. Hukuwahi kuniuliza. Na wale kumi na wanne wa Kamuna wamekuja kwetu juzi. Nimewatandikia ukumbini."

Rebi mkubwa akakohoa ndevuni. "Kiatu kikishavuliwa kimevuliwa, Shushan. Ya ukumbini ni yako na mkeo."

Wanangu mnaosoma hapa, mimi nililinda mlango miaka mitano nikidhani kazi ya mwalimu imo mle ndani. Kumbe ilishatoka zamani, na kila binti aliyevuka kizingiti. Na mtu anayekupenda akikunyooshea jambo usilolielewa, muulize sababu kabla hujaficha mikono. Mimi sikuuliza, ikanila miaka mitano.

Shushan alimtazama mkewe, akamtazama mwanawe, aliyekuwa ameshafika mstari wa chini. Akachukua kofia yake. Akatoka na mguu mmoja peku.