Gauni la Kulalia Kwenye Pantoni

Shoga yangu, hili nakwambia wewe kwa kuwa tunaaminiana. Juzi dukani, hapa Pongwe, msichana kaja kununua mkate amevaa gauni la kulalia. Nikataka kumsema, nikamkumbuka mama.

Alasiri moja, nilipokuwa mdogo, tulikuwa Pangani, tunavuka kumpelekea bibi uji. Mama alitoka usingizini akavaa buibui juu ya gauni la kulalia, kama wengi wetu tufanyavyo. Pantoni ikiwa bado inapakia magari, mwanamke mmoja akashikwa na uchungu, akaketi palepale penye mafuta ya injini na maji ya samaki. Wanaume wakakodoa macho. Mama akavua buibui, akabaki na mtandio na gauni lake la maua. Wanawake wakalishika buibui kama pazia.

"Mama Saumu, umetoka kitandani?" akacheka muuza nazi.

"Ndiyo, baba. Na wewe geuka huko, utazame maji!"

Wakageuka wote.

Mimi nikalia. Mama ndiye aliyenifunza kujisitiri, nikadhani Mungu kamkasirikia. Mara nikasikia kichanga kinalia nyuma ya buibui. Buibui akamwachia mzazi, tukarudi nyumbani mama katangulia na gauni lake lile, kichwa juu, ananukia udi, nami nyuma najificha kwa aibu.

Leo najua stara yake alimpa mwenzake. Bado sipendi nguo za kulalia barabarani, lakini yule msichana nilimuuliza kwanza, "Kwema nyumbani, mwanangu?"

"Kwema, mama. Njaa tu!"

Nikacheka. Nawe wasimulie wenzio habari za mama yangu.