Chumba Tulichoachiwa

Mama yangu alikuwa akiwaosha maiti wa kike wa mtaa wetu, Kariakoo. Hakulipwa, na aliyejaribu kumtia chochote mkononi alirudishiwa palepale. Riziki yake ilikuwa samaki: asubuhi anawafuata soko la Feri, mchana anakaanga uani, jioni anauza barazani. Wakaanga samaki walikuwa wengi, na mama hakuwa hodari kuliko wenzake. Mara nyingi aliunguza. Lakini ukiulizia anapokaa mama anayeosha, mtoto yeyote angekushika mkono akakuleta mpaka mlangoni kwetu. Kwa hilo moja alikuwa mtu mkubwa, na alijijua.

Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili, moja ya zile chache zilizobaki chini katikati ya maghorofa. Vyumba sita, korido katikati, ua nyuma wenye jiko, bafu na choo cha wote. Mwenye nyumba wa kwanza, mzee wa Kiarabu aliyekuwa na duka la nafaka, alipangisha watu wa kusini kama sisi, waliokuja kutoka Lindi na Mtwara. Kodi aliipandisha, ndiyo, lakini kila alipopandisha alikuja mwenyewe, akakaa barazani, akazungukazunguka na maneno kwa haya. Alipofariki nyumba ikaangukia kwa mwanawe. Mwana hakuwa na haya, alikuwa na dalali.

Dalali ndiye aliyemleta mwanamke wa mapazia. Alikuwa anafuata mapazia China na kuyauza kwa jumla, mtu wa makamo, mweupe wa uso, mwepesi wa salamu. Alichukua kwanza vyumba viwili vya mbele, vikavunjwa ukuta vikawa fremu ya duka. Kisha akachukua kimoja cha kati kuwa stoo. Kisha kingine, na hicho akahamia yeye na mama yake mzazi, kikongwe ambaye tulimwona siku ya kuletwa tu, kabebwa juujuu na wachukuzi.

Hilo la kuhamia ndilo lililowauma watu. Mwenye fremu tulimzoea, Kariakoo yote ni fremu. Lakini mtu mwenye gari, anayeweza kupanga ghorofani kwenye lifti na jenereta, anafuata nini kwetu, kwenye foleni ya bafu? Alisema mama yake hawezi ngazi, na lifti anaiogopa. Hakuna aliyemwamini. Mimi pia sikumwamini, na kwa kuwa nimeamua kusema kweli, nilimchukia. Nilichukia kiyoyozi chake kilichotutemea joto koridoni. Nilichukia hata upole wake.

Hakumfukuza mtu kwa mdomo wake. Alilipa mwaka mzima kwa mkupuo, basi. Mwenye nyumba akishashika hela ya mwaka, mpangaji wa mwezi kwa mwezi anaanza kunuka. Jirani yetu wa chumba cha pili, fundi cherehani, aliambiwa aondoke na akaishia Chanika, nje kabisa ya jiji, huko ambako tulikuwa tukipataja kwa kucheka. Mtaa mzima ulikuwa na habari za namna hiyo. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake wa mapazia, au wa simu, au wa vipodozi, na kila nyumba ilikuwa na watu wake waliopakia magodoro kwenye kirikuu na kuondoka bila kuaga vizuri.

Kwa kuwa hatukuwa na la kumfanya mwenye nyumba, tulimtenga mpangaji. Kutenga mtu mjini ni kazi ya wanawake, na inafanywa kimyakimya. Akisalimia, anajibiwa nusu. Akipita, mazungumzo yanakatika. Ramadhani alituma sahani za futari nyumba kwa nyumba, wali wa nazi na kuku wa kupaka. Sahani zilirudi asubuhi zikiwa na chakula chake vilevile, kimechacha. Mama alikula wetu, tena akalamba vidole. Aliniambia chakula hakina kosa. Sahani aliirudisha tupu na hakumwambia mtu.

Kisha maneno yakageuka. Yule bibi asiyeonekana akawa ndiye maneno yenyewe. Wakasema utajiri wa binti una masharti, na sharti lenyewe limelazwa mle ndani kwenye kiyoyozi. Wakasema bibi hana ulimi. Wakasema ana alama mwilini, na kila mwaka alama inaongezwa moja. Muuza kahawa alisimulia hayo kana kwamba amemvua bibi nguo mwenyewe.

Katikati ya hayo zamu ya kuhamishwa ikatufikia na sisi. Dalali alisimama mlangoni, hakukubali kukaa, akamwambia mama kuwa mwezi ukiisha chumba kinatakiwa, mwanamke wa mapazia anakichukua kuwa stoo. Mama alikuwa anaparua samaki. Aliendelea kuparua.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi nikienda Chanika, huku nani atawaosha?"

"Mama, hilo si langu," dalali akasema.

Mama hakuwa anatania. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu mimi mwenyewe ilinichukua muda kulielewa. Mimi niliona tunapoteza chumba, na ukaribu wa Posta nilikokuwa nafanya kazi ya kupokea wageni ofisini. Yeye aliona anapoteza kuitwa. Alikuwa amewaosha mama zao na bibi zao, mtaa ule hata wanaume wenye kiburi walimwamkia shikamoo kwa kuinamisha kichwa. Kwingine angekuwa bibi kizee muunguza samaki tu.

Yule bibi alifariki siku chache baadaye, Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Tulisikia binti akilia mara moja, kisha kimya. Kwa kawaida kilio kikisikika Kariakoo watu humiminika kabla hujajua aliyekufa ni nani: huyu na mkeka, huyu na sufuria, vijana wanafunga turubai barabarani. Siku ile hakuja mtu. Nilichungulia mlangoni. Majirani wa kike walikuwa wamekaa barazani kwao ng'ambo ya barabara, wametulia, wanatazama nyumba yetu kama wanaotazama jua linavyozama. Hata redio ya muuza kanda za mawaidha haikuzimwa.

Mwanamke wa mapazia alikuja kwenye mlango wetu. Hakuwa na mtandio. Alipiga magoti sakafuni, akashika pindo la kanga ya mama.

"Mama, shikamoo. Sina mtu. Naomba unioshee mama yangu."

Nilimwangalia mama nikitamani, naapa, nilitamani amwambie kwanza chumba. Neno moja tu: chumba. Nafasi kama ile haiji mara mbili.

"Marahaba," mama akasema. "Karafuu maiti unayo? Majani ya mkunazi je? Mtume dereva wako. Na wewe, chemsha maji." La mwisho aliniambia mimi.

Tulitundika mashuka uani. Kwa kawaida mama huwa na wasaidizi wanne au watano, wanagombania thawabu. Siku ile tulikuwa yeye na mimi, na binti wa marehemu akishika kichwa. Mama aliosha kama alivyowaosha wote, kwa mkono mwepesi, akimwita marehemu dada, akimwomba radhi kila alipomgeuza. Mimi nilimimina maji. Nilichokiona nyuma ya yale mashuka nimekiacha palepale, maana ndiyo sheria ya kuosha: uzuri au ubaya, macho ya muosha ni kaburi la kwanza. Mama alinifundisha hivyo siku hiyo, kabla hajanipa kopo. Hata hapa siandiki. Naandika tu kwamba usiku wake nilipata usingizi mzuri.

Jeneza lilibebwa na dereva, wafanyakazi wa fremu na wajomba wawili waliowahi kutoka Tanga. Mtaani kwetu jeneza likipita, hata asiyemjua maiti huacha kazi akatia bega hatua kadhaa, akampokeza mwingine. Lile lilipita kati ya wanaume waliojishughulisha na vitambaa vyao. Mmoja alikuwa anapima kitenge ambacho hakuna mteja aliyekiomba.

Jioni majirani walikuja. Hawakwenda chumba cha msiba, walikuja chumbani kwetu, wamejaa kitandani na sakafuni, na sauti zao zilikuwa za chini na tamu.

"Mwenzetu, umeshuhudia kwa macho yako. Tuambie. Alama zipo?"

"Nimeosha maiti," mama akasema.

"Tunajua. Tunauliza ulichokiona."

"Nimeona maiti."

"Sisi si wenzio? Kwani tutamwambia nani?"

Mama akawaambia chai ipo, wanywe. Hawakunywa. Walipotoka, mmoja alisema koridoni, kwa sauti ya kusikika, "Kashafungwa mdomo huyo."

Nilimfuata mama. Nilimwambia neno moja lingemaliza yote. Sema kulikuwa na alama au sema hakukuwa, lolote, wakalale. Alinitazama kwa hasira ambayo sikuizoea. Akasema siku akisema la maiti mmoja, wote aliowaosha watakuwa wamevuliwa nguo barabarani. Nilimwona mkaidi.

Baada ya msiba mwanamke wa mapazia alimsimamisha mama koridoni.

"Mama, wewe kaa. Nimeongea na mwenye nyumba, hicho chumba sikihitaji tena."

"Sikukuomba."

"Najua hukuniomba."

Mama aliingia ndani, akasujudu, akalia kwa furaha mpaka kanga ikalowa kifuani. Nilifurahi pia. Tulinunua nazi tukapika wali. Hatukujua tunakula nini.

Maana habari zilipotoka kwamba sisi tu hatuhamishwi, mtaa ulipata jibu ulilokuwa unalitafuta. Kaosha, hasemi, kaachiwa chumba. Hata mimi, kama ningekuwa barazani ng'ambo, ningeliunganisha hivyohivyo. Walisema kahongwa. Walisema mama ni mshirika, kwamba ndiye aliyefunika alama. Mwanamke wa mapazia alikuwa na ngozi nene, au alikuwa na fedha, na fedha nazo ni ngozi. Chuki ya mtaa ilimpita ikatafuta mahali pa kutua, ikatua kwa mama. Samaki wake wakaanza kubaki. Salamu zake zikajibiwa nusu. Wanawake walewale aliowaoshea mama zao walivuka barabara wakimwona.

Yeye aliniambia yatapita. Watu wana uchungu, akasema, wanafukuzwa kila siku, wamlaumu nani? Aliwatetea mpaka nikachoka kumsikiliza.

Hayakupita. Mwezi wa mvua alikufa mwanamke wa nyumba ya mkabala, muuza maandazi, shoga yake mama tangu wote ni wasichana. Ndiye aliyeninyonyesha mimi mama alipougua, watoto wake ni ndugu zangu wa ziwa. Mama alisikia kilio akakaa kitako kitandani akalia. Kisha akanyamaza, akaoga, akavaa kanzu yake ya kuoshea, akafunga kilemba, akatoa boksi lenye pamba, mkasi na udi. Akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, boksi mapajani.

"Si uende tu?" nikamwambia.

"Muosha haendi mwenyewe. Huitwa."

Ilipigwa adhana ya adhuhuri. Maji ya mvua yalikuwa yanapita barabarani na watu walikuwa wanaruka kuingia nyumba ya mkabala na mikeka kichwani. Kila hatua iliyokaribia mlango wetu mama aliinua uso. Baadaye bajaji ilisimama ng'ambo, akashuka mwanamke nisiyemjua, ameshika boksi lake. Dada yangu wa ziwa alimpokea kwa mikono miwili. Kabla ya kuingia aligeuka akatutazama, akatuona vizuri, akaingia.

Mama alibadilisha nguo, akaenda kukaa msibani kama watu wengine. Nilimfuata. Hakuna aliyemfukuza. Wanawake walisogea wakampa nafasi kubwa mkekani, kubwa mno, akakaa peke yake katikati ya ile nafasi mpaka maiti akatoka. Tuliporudi alisema, "Nitafutie chumba kwingine. Popote." Nilimkumbusha kwamba hapa hakuna anayetufukuza. Alicheka kicheko kifupi ambacho sipendi kukikumbuka.

Tulihamia Chanika kabla ya Idi. Ufunguo nilimkabidhi mwanamke wa mapazia mwenyewe, alilia, na mimi nilishindwa kumchukia na nilishindwa kumsamehe. Chumba chetu kikawa stoo, kama dalali alivyotaka tangu mwanzo.

Huku Chanika mama anauza dagaa, Feri ni mbali. Majirani ni watu wema, wengi wamehamishwa kutoka mjini kama sisi, na jioni hukaa wakiwatukana wapangaji matajiri wa Kariakoo, Ilala, Upanga. Mama huitikia kwa kichwa. Mwezi uliopita alifariki mama mmoja nyumba ya tatu, na vijana walipita wakiuliza mlango kwa mlango kama kuna mwanamke anayejua kuosha, mtaa bado mgeni, hawajui wa kumwita. Waligonga kwetu. Mama alikuwa ameketi sakafuni akichambua dagaa. Nilimtazama nikisubiri.

"Hapana, wanangu," akasema bila kuinua kichwa. "Ulizeni mbele."