Pingamizi Bila Ada

Kwa miaka ishirini na miwili Bi Kifungu alikuwa karani wa dirisha la pingamizi katika masjala ya ardhi. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa kuwa mtu akimwambia, "Sheria inasema," yeye huuliza, "Kifungu gani?" Wao walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo, na watu wa namna hiyo hawana marafiki wengi ofisini.

Ndipo zikaja kanuni mpya za waziri: anayepinga kiwanja kuandikishwa kwa jina la mwingine alipe ada kwanza. Mkuu wa masjala akabandika tangazo ukutani. Makarani wote walilisoma tangazo, Bi Kifungu naye akiwamo, lakini hakuna aliyefungua sheria yenyewe. Tangazo lilikuwa na mhuri, na mhuri ofisini haubishiwi.

Mwezi haujaisha akafika dobi mmoja mjane, vidole vimechakaa kwa sabuni. Jirani alikuwa akijiandikishia kiwanja cha mjane huyo, na siku ile ilikuwa ya mwisho ya kupinga.

"Kuna ada, mama," Bi Kifungu alisema.

"Mwanangu, ningekuwa nayo ningengoja mpaka leo? Basi kanuni yenu imeniuza kabla jirani hajaninunua."

Neno lile lilimchoma. Aliinuka, akatoa kabatini kitabu cha sheria, akakipangusa vumbi. Kifungu cha kumi na nne kilimruhusu waziri kupanga ada za huduma: ramani, nakala, upimaji. Kifungu cha tisa kilisema mtu yeyote aweza kuweka pingamizi bila malipo. Akasoma mara mbili. Kanuni huzaliwa na sheria. Haiwezi kumfukuza mama yake nyumbani. Bunge lilimwekea waziri mpaka, naye amelima ng'ambo yake.

Akapokea karatasi, akagonga mhuri, na pembeni akaandika: "Bila ada. Kifungu cha tisa."

Mkuu alimwita kabla ya saa nane.

"Wewe ni nani hata umsahihishe waziri?"

"Simsahihishi, bosi. Nimesoma tu."

"Umebakiza miezi mingapi ustaafu?"

"Saba."

"Wenye akili hufumba macho miezi saba."

"Nikifumba, nitasomaje?"

Akahamishiwa stoo ya majalada, na barua ya nidhamu juu. Nyumbani mumewe, fundi saa, alitikisa kichwa. "Si ungemlipia tu yule mama, yakaisha?"

"Ningemlipia, mume wangu, ningekuwa nimekubali kwamba alidaiwa kwa haki."

Shauri likafika kwa hakimu. Wakili wa jirani alidai pingamizi ni batili kwa kuwa halikulipiwa. Hakimu akaomba kitabu, akasoma kimya, kisha akatamka kwamba ada ile ilikuwa nje ya mamlaka ya waziri. Pingamizi la dobi lisikilizwe.

Mkuu alishuka stoo mwenyewe. "Haya, mama, umeshinda. Barua nimeichana. Rudi dirishani kwako."

Bi Kifungu hakuinuka. "Na wale watatu?"

"Watatu gani?"

"Niliowarudisha mimi kabla ya yule dobi, eti hawana ada. Muda wao wa kupinga umekwisha."

"Lakini kurudishwa kwao hakukuandikwa popote."

"Ndiyo maana nauliza."

Bi Kifungu akavuta majalada ya viwanja vilivyoandikishwa mwezi ule, akafungua la juu, akaanza kutafuta anwani za wale watatu.